Pingamizi la Mzee Humud

Kilburn, London
14 Januari 2024

Babu yangu mpenzi, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na paa halivuji tena juu ya kitanda. Sisi huku wazima. Mama amejifunga mablanketi mawili na anailaumu Kilburn yote kwa baridi, kama vile majirani ndio walioileta. Anakusalimu sana na anauliza kama dawa ya presha unaimeza au unaiweka kabatini kama pambo.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa Severin, muuguzi anayefanya kazi na Mama. Anakwenda kwao Dar, na huko atampa mtu wa boti akuletee Wete. Ningepiga simu, lakini najua jibu lako: simu ni ya kuulizana hali, jambo lenye uzito huandikwa. Basi naandika, maana nina mambo mawili na yote yana uzito.

La kwanza. Jumuiya ya Wazanzibari wa huku itafanya hafla mwezi wa Julai, ukumbini Wembley, kumkumbuka baba yako, Mzee Humud. Wamenichagua mimi, kitukuu chake, niisome hotuba yake ya mwaka 1957, ile ya uraia. Kila mtu anaitaja na hakuna mwenye maneno yake kamili. Wewe unalo sanduku la karatasi zake. Naomba uninakilie. Unajua kazi yangu ni ya kuita majina: kila Jumatano nasimama mbele ya watu waliopewa uraia wa hapa, namwita mmoja mmoja, anakuja, anapewa cheti, wanawe wanampigia makofi. Kila wiki namkumbuka Mzee Humud na moyo unanijaa.

La pili. Kuna mtu. Anaitwa Mahir, fundi umeme kwenye uwanja mkubwa wa mpira Wembley, anakaa Edmonton na wazazi wake. Ni Mpemba, anasali, anacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi. Wazee wake wanataka kuleta posa. Baba angekuwepo ningemwambia yeye. Hayupo, Mungu amrehemu, na walii wangu ni wewe. Nimeshatimiza miaka thelathini na mbili, kwa hiyo usiseme bado mtoto.

Wako,
Ghalia


Wete, Pemba
19 Februari 2024

Mke wangu mdogo Ghalia,

Marahaba, marahaba. Barua yako imefika, imekunjwa mara nane na inanuka dagaa wa mtu wa boti. Mimi mzima. Paa limeezekwa upya upande mmoja. Upande wa pili fundi amekwenda harusini Chake na hajarudi, nadhani ameoa yeye. Dawa naimeza. Mwambie mama yako asiniulize kwa barua, jirani anazisoma.

Hotuba nimekunakilia kwa mkono wangu kurasa zote nne. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne siku aliyoitoa, nikiwa nimekaa mbele kabisa. Watu walifurika hadi barabarani. Sikiliza aliposema: "Mtu aliyezaliwa hapa, kitovu chake kikazikwa hapa, ni raia wa hapa. Sitaki kusikia mtu anaulizwa babu yake aliletwa na nani. Ubwana na utwana umekwisha. Aliyebaki ni mwananchi." Watu wazima walilia. Mimi nililia pia. Isome kwa sauti nzito, usiikimbize. Ni baba yangu yule.

Kuhusu huyo mchekaji wako, umenipa jina moja tu. Mahir mtoto wa nani? Nyumba gani? Kwetu sisi mtu anaandikwa majina matatu ya nyuma. Niandikie, nami nitaulizia. Unaniacha mimi, mume wa miaka yote, angalau nijue unakwenda kwa nani.

Babu yako,
Talib


Kilburn
9 Machi 2024

Babu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema, kesho kutwa tunafunga. Hotuba imefika! Nimeisoma jikoni kwa sauti mara tatu, Mama ameacha sambusa zikaungua akisikiliza. Nimemsomea na Mahir kwa simu. Akasema, "That's beautiful, man," na kwake yeye hiyo ni hotuba ndefu.

Umetaka majina. Ni Mahir bin Sudi bin Faraj. Hapo nyuma ya Faraj nilipomuuliza Mzee Sudi, alifuta miwani yake na akasema, "Tulikatazwa kuuliza." Lakini ni watu wa Wete hapo hapo. Mama yake Faraj aliitwa Bi Zafarani, na Mzee Sudi anasema bibi huyo aliishi nyumbani kwenu, akipika na kulea. Bila shaka unamkumbuka. Nimefurahi sana, maana ina maana familia zetu zinajuana tangu zamani.

Wanataka kuja kwa Mama baada ya Idi. Nangoja neno lako.

Ghalia


Wete
27 Mei 2024

Ghalia,

Barua yako ilinifikia Ramadhani. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya goti. Karafuu mwaka huu hazina dalili njema. Fundi wa paa amerudi, kweli alioa. Mbuzi wa jirani amekula shuka langu moja.

Posa hiyo nimeikataa. Kijana si kufu yako. Mwambie mama yako awaambie kwa maneno mazuri, sitaki watu wavunjiwe heshima. Hilo limekwisha.

Nimesikia London kuna mvua nyingi. Jikinge.

Talib


Kilburn
12 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi si mzima, nimekasirika, na sitajifanya.

Umenyamaza siku zote hizo, halafu mbuzi wa jirani amepata maneno mengi kuliko maisha yangu. Si kufu! Nilikwenda kwa sheikh wetu wa Wembley nikamuuliza kufu ni nini. Akanieleza vizuri tu kwamba ni mume kulingana na mke kwa nasaba na hadhi, na kwamba ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakitaka wanaisamehe. Mimi nimeshaisamehe. Umebaki wewe. Akaniambia pia kwamba walii akikataa bila sababu ya haki, naweza kuozeshwa na kadhi. Na unajua ninapofanya kazi: chumba cha pili kutoka mezani kwangu watu wanafungishwa ndoa za serikali kila siku. Ningeweza kuolewa wakati wa chakula cha mchana nikarudi kazini. Sitaki. Nataka kuozeshwa na wewe, kwa ulimi wako. Ndiyo maana naandika.

Sasa nisikilize. Jumapili nilikwenda Edmonton kuwaambia mwenyewe, sikutaka Mama abebe aibu ile. Mzee Sudi hakukasirika. Alisema, "Nilijua, mwanangu. Nilimwambia Mahir." Akaingia chumbani akatoka na karatasi ndani ya bahasha ya plastiki, karatasi ya marehemu baba yake, Faraj. Akanipa nisome mwenyewe.

Nakunakilia, kama ulivyoninakilia mimi. "Mimi, Humud bin Saleh, naweka pingamizi dhidi ya mtu huyu kuandikwa katika daftari la wapiga kura. Jina la Humud alilolitaja kuwa la baba yake si lake. Asili yake ni watumwa wa marehemu baba yangu. Aandikwe kwa jina jingine au asiandikwe." Chini yake saini ile ile ninayoijua, yenye mkia mrefu. Na tarehe yake, Babu, ni siku kumi na moja baada ya hotuba.

Mzee Sudi anasema baba yake aliambiwa achague jina jingine ili aandikwe. Alikataa. Hakuandikwa. Alikaa nyumbani siku ya kura, akiwa amevaa kanzu mpya.

Nakuuliza swali moja tu. Kwa nini Faraj alisema ni mtoto wa Humud?

Hafla ni tarehe kumi na tatu Julai. Nimepewa dakika kumi na tano, na karatasi ninazo mbili.

Ghalia


Wete
1 Julai 2024

Ghalia,

Usiisome hiyo ya pili. Nakuamrisha, na kama amri haitoshi nakuomba. Hujui unachokigusa. Mtu amekufa, anajibu kwa Mola wake, mwache. Barua hii naituma kwa mtu anayeruka kesho.

Babu yako


Kilburn
17 Julai 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe mosi imefika jana, Jumanne. Mtu wako alikaa Dar wiki mbili kwa dada yake. Hafla ilikuwa Jumamosi.

Sitasema kwamba ingefika mapema ningetii. Sijui. Nakwambia yaliyotokea, kwa sababu najua umeshapigiwa simu na nusu ya London na kila mmoja amekupa yake.

Ukumbi ulijaa. Walikuja watu wa Kilburn, wa Wembley, wa Edmonton, hata wale wasiosemeana tangu kesi ya uchaguzi wa jumuiya. Nilisoma hotuba kwa sauti nzito kama ulivyoniagiza. Waliposikia "aliyebaki ni mwananchi" watu walisimama, wazee wakapangusa macho, na mimi nikaona fahari. Ningeweza kushuka pale. Kila mtu alidhani nimemaliza.

Nikasema, "Mzee wangu huyu aliandika na kitu kingine, siku kumi na moja baadaye." Nikasoma.

Mwenyekiti akanyanyuka, "Binti, this is not the place." Mzee mmoja akamwambia, "Kaa chini wewe, muache amalize." Watu kumi hivi wakatoka. Nikasema kwamba simchukii Mzee Humud. Nikasema kazi yangu ni kuwaita watu majina yao, na sitaweza tena kuifanya kwa uso mkavu nikiwa nimelificha moja. Nikasema kama maneno ya hotuba ni ya kweli, na mimi naamini ni ya kweli, basi ni ya kweli kwa Faraj pia, hata kama aliyeyasema alishindwa kuyafuata.

Ndipo Mzee Sudi akasimama nyuma kabisa karibu na masufuria ya pilau. Mahir akamvuta kanzu, "Dad, sit down, please." Hakukaa. Alisimama tu, wote wakageuka wakamtazama, na mwanamke mmoja ambaye simjui akaanza kupiga makofi. Kisha wakapiga wote. Babu, laiti ungekuwepo. Yule mtu alisimama mpaka makofi yakaisha, akakaa, akaomba maji.

Swali langu bado sijajibiwa.

Ghalia


Wete
30 Septemba 2024

Ghalia, mjukuu wangu,

Nilisema sitakuandikia tena. Nimekaa miezi miwili na nusu nikishikilia neno hilo, nikaona linaniumiza mimi peke yangu.

Mimi mzima. Presha ilipanda, ikashuka.

Swali lako. Faraj alisema ni mtoto wa Humud kwa sababu alikuwa mtoto wa Humud. Zafarani alizaliwa nyumbani kwetu, mama yake alikuwa mtumwa wa babu yangu kabla ya kuachwa huru. Baba alimuoa kwa ndoa halali, kwa kadhi na mashahidi wawili, akiwa kijana. Babu yangu alipojua alimwambia achague mwanamke au nyumba. Baba alichagua nyumba. Zafarani alipewa talaka akiwa mjamzito, na akaendelea kuishi pale pale akitupikia, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Mwaka uliofuata Baba alimuoa mama yangu.

Mama aliniambia haya akifa. Nilipofungua sanduku nikakuta cheti cha kadhi. Baba hakukichoma, na mpaka leo sielewi kwa nini. Labda ndiko alikoweka ukweli wake ili asiubebe mdomoni. Alikuwa akiamini kila neno la hotuba ile, Ghalia, usije ukadhani alikuwa mnafiki wa jukwaani. Shule aliyoijenga watoto wote walikaa mkeka mmoja, na aliyewatenganisha alimfukuza kazi mbele yetu. Lakini chakula cha Zafarani kililiwa jikoni, na mwanawe alipotaja jina la baba yake mbele ya serikali, Baba aliogopa kuliko alivyowahi kuwaogopa Waingereza.

Faraj alinifundisha kuendesha baiskeli. Alinishika kiti kwa nyuma akikimbia, nami nikimwita "we Faraj" kama anavyoitwa mtumishi. Alipokufa nilikwenda mazikoni nikakaa nyuma ya watu kama jirani. Kaka yangu. Nilikuwa nimeshajua.

Basi sasa hakuna kizuizi. Kijana ni damu yetu, ni kufu bila shaka yoyote, na idhini natoa. Fungeni ndoa kimya kimya, wachache tu. Mambo ya nasaba usiyatangaze, wala Sudi usimwambie bado. Na barua hii ukishaisoma ichome.

Babu yako,
Talib


Kilburn
13 Oktoba 2024

Babu yangu kipenzi,

Shikamoo kwa mikono miwili. Nimelia kwenye basi namba kumi na sita, mama mmoja akanipa tishu na pipi. Nilimlilia Faraj na baiskeli ile. Nilikulilia na wewe uliyekaa nyuma ya watu.

Sikuichoma. Samahani.

Na idhini yako siichukui.

Ngoja, usitupe barua. Nasema hivi kwa mapenzi. Mei ulimkataa Mahir kwa sababu bibi wa baba yake alikuwa mtumishi. Sasa unamkubali kwa sababu babu wa baba yake alikuwa bwana. Mahir ni yule yule, hajabadilika hata unywele. Hebu niambie: kama Zafarani angezaa na mchukuzi wa bandarini, leo ungesemaje? Ukinijibu "ningekataa," basi mimi naolewa kwa pingamizi lile lile lililogeuzwa upande wa pili tu. Na kuolewa kimya kimya, kwa jina linalofichwa, ndivyo alivyoolewa Zafarani. Mimi sitaolewa hivyo. Nitangoja.

Na Mzee Sudi sitamficha. Nakupa nafasi umwambie wewe, maana ni haki yake kulisikia kutoka kwako. Ukishindwa nitamwambia mimi, na itakuwa aibu yetu sote wawili.

Mama anasema nimekuwa mkaidi. Anauliza nimemrithi nani.

Ghalia


Wete
25 Novemba 2024

Ghalia,

Marahaba. Mimi mzima, na paa limekwisha pande zote mbili.

Swali lako la mchukuzi wa bandarini nimekaa nalo wiki tatu. Nimelijibu kwa kila namna ya ujanja anayoijua mzee wa miaka themanini na moja, na kila nikilijibu linarudi. Jibu la kweli ni kwamba ningekataa. Ningekataa na nikaona nimefanya jambo la heshima, nikalala vizuri. Nimelichukia jibu hilo. Sikujua kama mtu anaweza kukichukia kitu alichoishi nacho muda wote huu kama samani ya nyumbani.

Halafu habari za London, za pingamizi lililosomwa ukumbini, zikafika hapa mtaani. Nilijifungia siku mbili nikingoja aibu. Siku ya tatu alikuja jirani, Bi Anastasia, mjane wa yule mwalimu wa bara. Alileta mkate wa ufuta, akaketi, akasema, "Bwana Talib, hatimaye limesemwa! Sisi tulikuwa tunangoja." Nikamuuliza akina nani. Akasema, "Wete nzima. Faraj alikuwa na pua yako." Miaka arobaini na mitano nimelinda siri ambayo mtaa mzima ulikuwa unanilindia mimi nisiaibike! Nimecheka mpaka goti likauma. Kisha nimelia, sitakuficha.

Sudi nimempigia simu. Ndiyo, simu. Nilitaka asikie sauti. Nimemwambia yote, tangu cheti cha kadhi hadi baiskeli. Yaliyobaki yako katika karatasi ya pili, isomwe mbele ya watu, kwa sauti, na asitoke mtu.

Kusafiri siwezi, daktari amekataa. Ndiyo majuto yangu.

Babu yako,
Talib

(Karatasi ya pili)

Mimi, Talib bin Humud bin Saleh, mkazi wa Wete, walii wa mjukuu wangu Ghalia binti Asad, nimeridhia aolewe na Mahir bin Sudi. Nimeridhia kwa sababu ni mtu mwema na yeye mwenyewe amemtaka. Ningeridhia hata kama kijana asingekuwa na tone la damu yangu. Hapo kwanza nilikataa, na kukataa kwangu kulikuwa dhulma. Naomba radhi kwa waliosikia na wasiosikia.

Na kwa kuwa siwezi kufika, namfanya wakala wangu wa kumuozesha Ghalia Bwana Sudi bin Faraj. Watu watashangaa baba wa mume kumuozesha bibi harusi. Wasishangae. Wanaume wa nyumba yetu waliobaki London ni yeye na mwanawe. Ni Sudi bin Faraj bin Humud bin Saleh, mtoto wa kaka yangu mkubwa. Cheti cha kadhi nimekiambatanisha. Pingamizi la baba yangu nimeliondoa.


Kilburn
22 Desemba 2024

Babu yangu, Babu yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Wazima wote. Mama hana sauti kwa vigelegele, tangu Jumamosi ile ananong'ona kama mgonjwa na hajutii.

Nakuandikia kutoka jikoni kwangu, nikiwa na hina mpaka viwikoni, na Mahir anakaanga mayai na kuyaunguza. Ungependa kujua kila kitu, kwa hiyo kaa vizuri.

Ukumbi ulikuwa ule ule wa Wembley. Nilisema wasialikwe wachache, waje wote. Wakaja na wasioalikwa. Hata wale kumi waliotoka Julai niliwaona sita, wamekaa mbele kabisa, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa akigawa kahawa. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu nyuma ya pazia, nami nimekaa sakafuni nimelisogeza pazia kwa kidole, Mama akinipiga kofi la mkono kila dakika.

Sheikh akasoma karatasi yako. Alipofika "kukataa kwangu kulikuwa dhulma" akasita, akavua miwani, akairudia sentensi ile kutoka mwanzo. Alipofika "mtoto wa kaka yangu mkubwa" nikasikia sauti upande wa wanaume kama ya mtu aliyepigwa ngumi. Ni Mahir, kumbe! Yule anayecheka kwa sauti kubwa analia kwa sauti kubwa vile vile.

Sheikh akamgeukia Ami Sudi. Ndiyo, sasa namwita Ami. Akamuuliza kama desturi, "Wewe ni nani kwa bibi harusi?" Ami Sudi alikuwa ameandikiwa maneno kwenye kikaratasi ili asikosee. Akakikunja, akakitia mfukoni. Akasema, "Baba yangu na babu yake ni ndugu. Baba mmoja." Alisema bila kipaza sauti, na nakwambia walimsikia hadi kituo cha treni. Kisha akamshika mwanawe mkono akaniozesha, akayataja majina yote kutoka mwanzo hadi mwisho, langu na la mwanawe, na yote mawili yakaishia kwa Humud bin Saleh. Mahir akajibu, "Nimekubali," kabla hajamaliza, ikabidi arudie. Watu wakacheka, na hapo ndipo vigelegele vilipolipuka na sikusikia tena kitu.

Cheti changu cha ndoa ya serikali tulikiandikisha Jumatatu, ofisini kwangu. Wenzangu walitufungia puto mlangoni. Mwandikishaji akauliza jina kamili la babu wa bwana harusi kwa kumbukumbu za familia tulizotaka ziambatane. Ami Sudi akaomba kalamu aandike mwenyewe. Aliandika taratibu sana. Alipomaliza akakaa akilitazama, na mwandikishaji, ambaye hajui lolote, akamwambia kwa heshima kwamba hana haraka.

Tulikukosa. Nilikukosa mpaka nikamkasirikia daktari wako. Lakini sikia: mwezi wa Aprili tunakuja Wete, mimi na Mahir na Ami Sudi. Hajakanyaga Pemba tangu alipomzika baba yake. Jana ameniuliza aweke chumba katika nyumba gani ya wageni, maana hataki kumsumbua mtu.

Nimemwambia hakuna haja ya kuuliza. Anafikia kwao.

Mjukuu wako,
Ghalia